Pumzi ya Zvonko

Dragica alikuwa na tabia ya kunizimisha mashine. Nimekolea kuchimba, jiwe la opali naliona kabisa linakuja, mara kichwa chake kinachomoza mlangoni pa shimo langu. "Thanasi, nasoma." Basi. Mwanamume mzima nakaa kwenye vumbi kumngoja mama mmoja amalize habari za majoka.

Ndiyo kazi iliyomweka mjini. Kampuni moja ya Adelaide hutoa mikusanyo ya hadithi fupi za kusikiliza tu, mpya kabisa, za wachawi na za safari za nyotani, kila hadithi na mwandishi wake. Sauti ya Dragica waliipenda, na nyumba yake waliipenda zaidi. Hapa Coober Pedy wengi wetu tunaishi chini ya ardhi, ndani ya mwamba, na huko husikii upepo wala nzi, ila mashine ya jirani tu.

Zvonko, mumewe, tulichimba pamoja tangu ujana. Dragica akisoma, yeye huketi kigodani nyuma ya pazia. Eti anafuata ubaridi. Klabuni alitamba kwamba duniani hakuna dawa ya usingizi kama mke wake. Tulicheka sana, na Dragica alicheka nasi, lakini siku moja aliniambia kwamba angefurahi kusikia japo mara moja tu kuwa amesoma vizuri.

Zvonko akafa kwa kifua, vumbi la miaka yote lile. Watu walileta vyakula, wakalia, na matanga yalipokwisha kila mtu akashika njia yake. Dragica akajifungia. Mimi nikachimba nipendavyo, hakuna wa kunizuia, na nilichukia kuchimba kuliko wakati wowote.

Ndipo Maree, mhariri wa sauti wa kampuni ile, akapiga simu. Katika hadithi ya mwisho aliyosoma Dragica kabla ya msiba, nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtu anahema. Maree alimwambia asijali, ataisafisha, hakuna atakayejua.

Dragica alinijia na simu mkononi. "Wanataka kumfuta, Thanasi."

Nilimwambia akatae, na kampuni ikasirike ipendavyo. Akasema kitabu si chake peke yake. Hadithi yenyewe ni ya mwanamke anayelinda taa kwenye sayari isiyofikiwa na chombo chochote, na mwandishi alimtaka awe peke yake. Akampigia Maree. Safisha, alimwambia, ila utakachokitoa usikitupe. Nitumie.

Kikaja. Tuliketi mezani kwake, kahawa inapoa. Hakukuwa na neno hata moja, pumzi tu, na kile kifilimbi cha kifua nilichokizoea shimoni. Nilitaka kuondoka. Dragica akafumba macho, akaanza kuisema hadithi kwa kichwa, polepole, juu ya ile pumzi. Akafika pale mlango wa nyumba ya taa unapobishwa hodi.

Pumzi ikakatika.

Nilidhani sauti imekwisha. Dragica akaendelea. Mwanamke akafungua mlango, kumbe upepo tu, na pumzi ikashuka, ndefu. Mbele kidogo, palipotisha tena, ikakatika tena. Na mwisho, mwanamke anapoizima taa, tukamsikia Zvonko akivuta kamasi. Zvonko huyu, niliyemwona akivunjika kidole bila hata kukunja uso!

"Hakuwa amelala," Dragica alisema.

"Hakuwa amelala, shemeji."

"Mwongo mkubwa yule."

Akalia kwa hasira, hasira ya kweli, maana wa kugombana naye hayupo. Mimi nikakaa naikodolea macho kahawa. Kisha akajifuta uso kwa aproni, akairudisha sauti mwanzo, na kunitazama hadi nikainuka.

"Thanasi, nasoma."

Mashine yangu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nilitoka, nikakaa kwenye vumbi.