Maji Yaive Kwanza

Fundi makochi huyu jina lake halisi lilishasahaulika. Mkewe alimwita Baba Nusu, watoto wakadaka, mtaa mzima ukafuata. Na wala hakusingiziwa. Ukuta wa uani ulipakwa rangi hadi kiunoni. Banda la sungura lilikuwa na mlango bila paa, na sungura wenyewe walishatangulia mbele ya haki. Sebuleni kwake, fundi makochi mzima, jamani, palikuwa na kochi lililovishwa kitambaa upande mmoja. Upande wa pili mbao na misumari. Wageni walipeana zamu.

Siku moja akaitwa kwenye kliniki ya meno kushona viti vya kusubiria, akakuta tangi la samaki wa baharini. Alilitazama mpaka mpokezi akamuuliza kama naye jino linamsumbua. Akarudi nyumbani na wazimu mpya.

"Nataka kufuga samaki wa maji ya chumvi," akamwambia mkewe.

"Sungura wamekushinda, nao wanavuta hewa hii hii unayovuta wewe."

Lakini alibembeleza, na mwanamke yule alikuwa na ulimi mkali na moyo laini. Kabati la vyombo aliloachiwa na marehemu mama yake akalisukumia chumbani ili tangi lipate pa kukaa.

"Kabati la mama limekupisha," alisema. "Ukiliacha na hili nusu, usiniletee tena wazo lolote ndani ya nyumba hii. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

Fundi akacheka, lakini yalimchoma. Alijijua. Alitaka, hata mara moja tu, mkewe aone kitu cha mkono wake kimefika mwisho.

Mwenye duka la samaki, mama mmoja mwenye miwani, akamuuzia tangi, pampu, hita, mfuko wa chumvi ya baharini, na jiwe lenye matundu alilolitoa kwenye tangi lake mwenyewe. "Hili ndilo moyo wa tangi," akamwambia. "Na samaki usiweke mpaka maji yaive."

Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, ugonjwa wake wa siku zote. Alipofika nyumbani akakoroga chumvi, akawasha jiko, akachemsha maji sufuria baada ya sufuria. Jiwe nalo akalitumbukiza, asije akaambiwa kafanya nusu. Nyumba ikanuka mpaka paka wa jirani akaja kukaa mlangoni.

Kesho yake alikwenda dukani kifua mbele. "Nipe samaki. Maji yameiva, na jiwe pia."

"Jiwe limeivaje?"

"Nimelichemsha."

Mama wa duka akavua miwani, akashika kaunta, akacheka mpaka machozi. "Baba, nilisema kuiva kama embe, siyo kama viazi. Kwenye lile jiwe mna vijidudu, ndivyo vinavyosafisha uchafu wa samaki. Wewe umevipikia supu." Akampa jiwe jingine, akamwonyesha kupima maji kwa matone ya dawa, akamwambia asubiri wiki kadhaa.

"Nisubiri nikifanya nini?"

"Ukikaa."

Basi akakaa. Wiki zikapita, tangi lina maji na jiwe, taa inawaka utadhani kuna la maana. Majirani wakiuliza samaki wake ni wa aina gani, anajibu, "Wa kuja." Mkewe akatangazia wageni kwamba mumewe anafuga jiwe: halili, halipigi kelele, na halijafa bado.

Hatimaye matone yakaonyesha maji yako tayari. Ungedhani atakimbilia dukani. Wapi! Akapima tena, na tena, akasema labda dawa ni mbovu. Ukweli alikuwa anaogopa. Sungura wale aliwazika mwenyewe, na hakumwambia mtu kwamba alilia. Tangi likiwa tupu, hakuna wa kufa.

Mkewe aliliona hilo. Jioni moja akaingia na mfuko wa maji, ndani samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mdogo kuliko kidole gumba.

"Nani kakwambia maji yameiva?" fundi akauliza.

"Nilipeleka kichupa cha maji haya dukani wiki iliyopita. Maji yaliiva zamani. Niliyekuwa namngoja aive ni wewe."

Wakauelesha mfuko juu ya maji mpaka joto likalingana, kisha wakamfungulia. Samaki akajificha nyuma ya jiwe. Fundi akakaa kwenye kochi upande wa misumari wala asihisi. Baada ya muda samaki akachungulia, akatoka, akazunguka tangi zima, akarudi mbele ya kioo.

Mkewe akamgusa bega. "Haya, hongera. Leo umemaliza kitu."

"Kumaliza?" Macho hakuyaondoa kwenye kioo. "Kesho ale, maji yapimwe, kioo kifutwe. Keshokutwa hivyo hivyo. Mama watoto, kazi hii haina mwisho."

Alisema kwa furaha ambayo mkewe hakuwahi kumwona nayo. Mwanamke akalitazama kochi, akalitazama tangi, akaenda chumbani kutafuta mto wa kukalia misumari.