Mkate wa Sabato

Nakumbuka Jumapili moja ya kutembelewa na wazazi, miaka ya sabini ikianza, nikiwa kidato cha pili. Mama alitoka kwetu Ekerenyo kwa miguu na ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu yetu, vyote ndani ya jani la mgomba. Wasichana wa mjini wakachungulia.

"Haki, hiki ni chakula au tofali?"

Nilikuwa na haya sana, mwanangu. Mambo niliyoshindwa kuyasema niliyaandika daftarini, na siku hiyo niliandika kwamba nilitupa kile chakula shimoni kabla Mama hajafika getini akirudi nyumbani.

Likizo ilipofika, nilirudi na aibu yangu nyumbani. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa Mama alipika chakula cha Sabato ili Jumamosi asiwashe moto. Nikamwambia kwamba watu waliosoma hawali ugali uliolala, hununua mkate. Akaamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sekondari. Mkate wa Sabato ukawa wa Jumatatu, kisha wa kila siku. Mayai tuliyozoea kula yakabebwa sokoni, Mama akarudi na mkate mweupe, biskuti na soda.

Mdogo wangu Kemunto alikuwa darasa la saba. Alinifuata kama kivuli. Nilimwambia wimbi na mboga chungu ni vyakula vya kishamba, naye akaviacha kabisa. Nyanya alipomsogezea bakuli alilisukuma. "Dada amesema."

Shule zilipofunguliwa nikaondoka. Niliporudi likizo iliyofuata, midomo ya Kemunto ilikuwa imepauka na alikuwa akihema akipanda kilima. Alianza kulamba udongo wa kichuguu kwa siri. Mama alisema ni uvivu wa kukua. Mimi niliona, nikaandika daftarini, sikumwambia mtu.

Asubuhi ya mtihani wa darasa la saba alianguka njiani, kalamu mkononi. Tulimbeba hadi hospitali.

"Mama, mtoto huyu hula nini?" muuguzi akauliza.

"Mkate, sista. Kila siku," Mama akajibu, tena kwa fahari.

"Na mboga? Mayai?"

"Mboga alikataa. Mayai tunauza tununue huo mkate. Dada yake wa sekondari ndiye aliyetufundisha."

Muuguzi akanitazama, kisha akafunua kope la mgonjwa. "Msichana wa umri huu anahitaji damu, na damu haitoki kwenye soda."

Nyanya, aliyekuwa amekaa sakafuni, hakupaza sauti. "Kwa hiyo ulisoma ili uje utuonee haya?"

Mtihani uliisha Kemunto akiwa kitandani. Mwili ulipona, shule haikupona. Baba alisema nafasi yake imepita, na kabla ya mwaka kwisha Kemunto akaozwa. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya ofisi. Yeye amechuma majani chai huko Itumbe mpaka mgongo ukapinda.

Uzeeni nilimwomba msamaha. Akacheka. "Achana na hayo, dada. Hata mimi niliupenda mkate." Sijui kama alinisamehe au alinionea huruma.

Mwanangu, mkate si sumu, wala soda ya sikukuu haimuui mtu. Lakini usikubali chakula cha kiwandani kiwe chakula chako cha kila siku kwa sababu tu wenzako wanakicheka cha kwenu. Mwili wako bado unajengwa. Ule mboga, ule wimbi, ule mayai kabla ya kuyauza. Na ukiwa wewe ndiwe unayeigwa nyumbani, chunga mdomo wako. Ukimwona mdogo wako anapauka, sema siku hiyo hiyo. Usiandike tu.

Mungu akupe damu nzito, akupe na ujasiri wa kufungua jani la mgomba mbele ya watu ukala.