Nyumba ya Nyanya Tuliyoipima

Chama chetu cha wanafunzi wa usanifu majengo kilikuwa na fulana nyeusi, ukurasa wa Instagram na mikutano isiyoisha. Nilijiunga mwaka wa kwanza kwa sababu msichana niliyepangiwa naye chumba hosteli alijiunga, na siku hizo nilimfuata kila alikoenda. Yeye alikuwa wa Nkubu, binti wa walimu wawili, Wakatoliki wenye migomba na ng'ombe wa maziwa. Mimi nilizaliwa Meru mjini, mtaa wa Majengo, katika ukoo wa Waislamu wa maduka na malori. Nairobi tofauti hiyo haikuwa na maana. Sote wawili tulikuwa "watu wa Meru", tukiulizwa kama tumebeba miraa kwenye mkoba, na hilo lilitosha kutufanya marafiki.

Sitadanganya, nilikipenda kile chama. Tuliwapokea wanafunzi wapya na kuwafundisha kukata kadibodi bila kujikata vidole. Tulizuru mijengo tukiwa na helmeti za kuazima. Tuliwaalika wasanifu wenye ofisi kubwa waje kutuhutubia, nao walifika wamechelewa, wakatuambia siri ya kazi hii ni kujuana na watu, wakaondoka kabla ya maswali. Hata hilo nililiona zuri.

Kila mwaka chama kilichagua jengo moja la zamani, tukaenda kulipima na kulichora lote, halafu michoro ikatundikwa kwenye maonyesho chuoni. Tulipofika mwaka wa tatu, mkutano mzima ulitaka Lamu. Nilisimama nikasema kuna nyumba Meru.

"Meru?" katibu akacheka. "Meru kuna nyumba gani ya zamani? Si ni mabati tu?"

Nikawaeleza kuhusu nyumba ya nyanya yangu. Babu, mwuzaji wa nguo, alikuja Meru kutoka pwani na mzigo wake akamwoa msichana wa Kimeru ambaye alisilimu, wakajenga pale Majengo nyumba ya mtindo aliozoea yeye: baraza mbele, duka pembeni, ukumbi mrefu katikati na vyumba kushoto na kulia, na nyuma ua wa kupikia na kufulia. Kuta zilikuwa za miti na udongo chini ya plasta. Milango ilikuwa ya mbao za muringa, mizito kiasi kwamba tukiwa watoto tulikuwa tunaisukuma kwa mgongo.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa anagombea uenyekiti wiki hiyo. Alisimama baada yangu.

"Tuache kwenda Lamu kupiga picha kama watalii," alisema. "Hizi nyumba za kwetu zinaanguka na hakuna mtu ako na hata mchoro mmoja."

Wakampigia makofi. Pendekezo langu likapita, na yeye akachaguliwa mwenyekiti. Nilimkumbatia nikidhani tumeshinda kitu kimoja.

Tulikwenda Meru wakati wa likizo fupi. Wanachama walilala Nkubu kwa wazazi wa mwenyekiti, mimi nikalala kwa nyanya. Asubuhi ya kwanza nyanya alikuwa amevaa leso mpya, ameosha baraza mara mbili, na amejipaka wanja. Alipenda sana kutazamwa, nyanya yangu. Aliwafuata kutoka chumba hadi chumba, akishika ncha ya tepu bila kuombwa, akieleza mambo ambayo hakuna aliyeuliza.

"Hapa nimezaa watoto wote isipokuwa mmoja," aliwaambia chumbani kwake. "Huyo mmoja alizaliwa hospitali na ndiye anasumbua."

Wakacheka. Huyo mmoja alikuwa baba yangu mdogo, aliyekuwa na malori ya kubeba miraa kutoka mji wa Maua. Jioni alipita kutusalimia. Aliketi barazani karibu na mwenyekiti, akaigeuzageuza michoro, akauliza kiwanja chote kina ukubwa gani hasa, na ule ukuta wa stoo uliopinda unaishia wapi. Mwenyekiti alimweleza kwa makini, akimwonyesha kwa penseli. Nilifurahi. Baba mdogo hakuwahi kuuliza chochote kuhusu nyumba ile tangu nimjue.

Nyanya alimpenda mwenyekiti kupita wote. Alimlisha pilau mpaka akashindwa kuinama. Waliongea Kimeru kama mtu na mjukuu wake, mwenyekiti akimwita cucu, yaani nyanya, wakicheka vitu ambavyo mimi, niliyekulia kwenye Kiswahili cha Majengo, nilikuwa navipata nusu. Siku ya kuondoka nyanya alimshika mashavu, akaniambia, "Huyu ndiye rafiki. Huyu usimpoteze."

Maonyesho yalifanyika kabla ya mitihani. Nilimwomba nyanya aje. Baba mdogo alijitolea kumleta kwa gari lake, jambo lililonishangaza, na wakafika mapema. Nyanya alivaa buibui lake la Idi na viatu vilivyombana.

Michoro ilikuwa mizuri mno. Ukubwa wa ukuta mzima, wino mweusi, kila boriti mahali pake. Nyanya alisimama mbele ya mchoro wa ukumbi, akaweka kidole juu ya kioo, akaanza kuhesabu milango kwa sauti.

Mgeni wa heshima alikuwa mlezi wa chama chetu, msanifu mwenye ofisi Nairobi, mtu wa tai za hariri ambaye kampuni yake ndiyo iliyolipia fremu na vitafunio. Alipofika, watu wote walimkimbilia. Alisifu michoro, akasifu "utafiti wa vijana hawa", akamsifu mwenyekiti mara kadhaa. Hakuna aliyesema nyumba ni ya nani. Nilikuwa nangoja mwenyekiti aseme. Alikuwa na maikrofoni mkononi, na nyanya alikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

Kisha mpiga picha akawapanga mbele ya ule mchoro wa ukumbi. Nyanya alikuwa bado yuko pale.

"Cucu, songa kidogo," mwenyekiti alimwambia, kwa upole kabisa. "Unafunika mchoro."

Nyanya akasonga. Akasogea hadi kwenye meza ya soda, akasimama na mkoba wake kifuani. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza akamwomba glasi, akidhani ni wa jikoni, naye akampa. Nilivuka ukumbi nikamtafutia kiti. Nyuma yangu baba mdogo alikuwa ameshapeana mkono na mlezi, na mlezi alikuwa anatoa kadi mfukoni.

Mwaka wa nne mwenyekiti alipata nafasi ya mafunzo ya kazini kwenye ofisi ya mlezi. Sote tulikuwa tumeomba. Nilimpongeza. Bado tulikuwa tunakaa chumba kimoja, ingawa alikuwa anarudi amechoka na haniambii mengi.

Jumapili moja niliingia nikamkuta kwenye kompyuta, vipokea sauti masikioni, hakunisikia. Kwenye skrini kulikuwa na jengo la ghorofa tano, vioo mbele, maduka chini. Sikulijua. Nilichokijua ni mstari mwembamba wa kijivu chini yake, umbo la kiwanja, na upande wa nyuma ule ukuta wa stoo uliopinda. Mimi ndiye niliyeupima ukuta ule, nimepiga magoti kwenye matope ya uani kwetu. Juu ya vyumba vya nyanya kulikuwa na alama nyekundu na neno moja: bomoa.

"Hii ni nini?" nikauliza.

Alivua vipokea sauti taratibu. Hakujaribu kufunga kompyuta.

"Nilikuwa nitakwambia."

"Lini?"

"Baba yako mdogo ndiye alikuja ofisini. Kiwanja kiko kwa jina lake, nyanya yako alishaweka sahihi. Mimi nimepewa tu kazi."

"Na michoro yetu?"

"Sasa tungetuma mtu kupima tena na tuko nayo?" Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, kama bei ya mafuta ya kupikia. "Hiyo nyumba ingebomolewa tu. Kama si mimi ni mwingine. Angalau mimi naijua. Nimeweka hata urembo wa ile milango kwa lobi ya kuingilia."

"Ulisema hizi nyumba zinaanguka na hakuna mtu ana mchoro."

"Na sasa mchoro uko," akanijibu. "Si ndiyo maana ya kuchora?"

Nilihama chumba kile siku iliyofuata.

Nilipeleka jambo hilo kwenye kamati ya chama. Nilikuwa na ombi dogo: chama kimwandikie mlezi, kiseme michoro ilifanywa kwa ajili ya kuhifadhi nyumba na isitumike kuibomoa. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeongoza kikao. Aliniachia nafasi ya kusema, akanisikiliza mikono ikiwa mezani, halafu akauliza kama kuna mwenye maoni. Katibu akasema hilo ni jambo la familia. Mwingine akasema bila mlezi hakuna maonyesho mwaka ujao. Mwingine, ambaye alikuwa amekula kwa nyanya siku zote zile na kubebeshwa mandazi ya safari, akasema naleta hisia kwenye mambo ya kitaaluma. Wakapiga kura. Mkono pekee ulioinuliwa kwa ajili yangu ulikuwa wangu.

Nilitoka. Kabla sijafika hosteli, simu ikaniambia nimeondolewa kwenye grupu ya WhatsApp ya kamati. Hawakungoja hata nifike.

Nyumbani sikupata mtu wa kupigana upande wangu. Baba yangu alisema ndugu hawagombani kwa udongo. Shangazi alisema mama amezeeka, choo cha uani ni mbali, mvua ikinyesha anaweka sufuria kitandani. Yote yalikuwa kweli. Nilimpigia nyanya, akasema baba mdogo amemwahidi kumpeleka Makka. Hajampeleka mpaka leo.

Walibomoa wakati niko kwenye mitihani. Milango ya muringa iliuzwa kwa mwenye hoteli, mabati yakagawanywa. Nyanya alihamishiwa Embu, kwa shangazi, kwenye fleti za mtaa wa Dallas, ghorofa ya tatu. Magoti yake hayakupenda ngazi, kwa hiyo alishuka mara chache, kwa daktari na kwa mazishi. Huko Majengo alikuwa akiketi barazani na kila mpita njia anamwamkia. Dallas aliketi kwenye roshani akitazama nguo za watu zikianikwa, na majirani wa mlango wa pili hawakumjua jina.

Nilimaliza chuo bila kurudi kwenye chama. Nilipata kazi Embu, kwenye ofisi ndogo juu ya duka la dawa za mifugo, nikakaa karibu na nyanya. Yule mwenzangu alibaki kwa mlezi. Nasikia sasa yeye ndiye huwahutubia wanachama wapya, na mchoro wa ukumbi wetu uko kwenye mlango wa ofisi yao, kwenye fremu.

Mwaka jana alikuja Dallas. Sikumwalika, alipata nambari ya fleti kutoka kwa baba mdogo. Nilikuwa kwa nyanya siku hiyo, nikafungua mlango nikamkuta amebeba keki, amevaa vizuri, amenenepa kidogo. Kabla sijasema neno, nyanya alimsikia sauti kutoka ndani.

"Ni msichana wa Nkubu? Ingia, ingia! Wewe, weka chai."

Niliweka chai. Ningefanya nini? Walizungumza Kimeru chao, wakacheka, nyanya akamshika mashavu. Nilipoingia na birika, mwenzangu alikuwa ametoa simu, anamwonyesha picha za jengo. Lilikuwa limekamilika. Vioo viling'aa, kulikuwa na benki na duka la viatu.

"Ni mimi nilichora, cucu," alisema.

Kumbe alikuwa anataka nyanya ajue. Mimi kwa miaka yote ile nilikuwa nimemficha jambo hilo, nikiogopa kumvunja moyo.

Nyanya aliisogeza simu karibu na macho, akaitazama muda mrefu.

"Chumba yangu iko wapi hapa?"

Mwenzangu akaweka kidole chini ya kioo cha duka. "Hapa, karibu hapa. Pale wanauza viatu."

"Ee." Nyanya akarudisha simu. "Ni safi."

Alikunywa chai yake na keki hakuigusa. Mwenzangu alipoaga nilimsindikiza hadi ngazini. Akaniambia, "Umekuwa mgumu sana, unajua?" Nikamwambia ngazi ya mwisho imevunjika, aangalie asianguke, nikarudi ndani. Hatujaonana tena.

Nyanya alikuwa bado kwenye kiti chake.

"Yule msichana ameenda mbali," alisema. "Na wewe, umechora nini?"

Nilikuwa nimesimama na vikombe vichafu mikononi. Tangu nimalize chuo, kitu changu kilichojengwa kweli kilikuwa kimoja: ukuta na vyoo vya shule moja karibu na Gachoka. Nikamwambia hivyo.

"Vyoo," akarudia.

"Vyoo na ukuta, nyanya."

"Ni sawa," alisema, akajishika magoti ili ainuke aende kutia udhu. "Watoto watatumia."

Nikaweka vikombe chini, nikampa mkono.