Keki Inakatwa

Hashiru wa Kongowe amepiga video za harusi miaka kumi na moja, na tisa kati ya hiyo alikuwa na mwenzake Kibwana. Kila kazi ilipoanza, Kibwana alisimama mbele ya kamera zao mbili akapiga kofi moja, paa! Hashiru alimcheka. Siku hizi programu ya kompyuta husikiliza sauti ya kila kamera na kuzipanga video zioane yenyewe, kofi la nini tena? "Nazisalimia tu," Kibwana alikuwa akijibu.

Kibwana alifia kazini, harusini Kisarawe. Wapishi walimkuta nyuma ya ukumbi, mkono kifuani. Msibani, Hashiru alimwapia mama wa marehemu, Bi Mwanahalima, kwamba mwanawe hakusema lolote. Angesema, angemkimbiza hospitali. Aliyarudia maneno hayo mpaka mwenyewe akayaamini. Lakini kadi ya kamera ya Kibwana hakuigusa. Aliiogopa, basi.

Siku mbili kabla ya arobaini, mchana, Bi Mwanahalima akaingia studio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe alichokipiga mwanangu mara ya mwisho."

Hashiru hakuwa na pa kukimbilia. Video ikaanza: kofi, vigelegele, wazee wa meza ya mbele. Kisha sauti ya Kibwana, karibu kabisa: "Hashiru, kifua kinanibana." Muziki ukafunika yote yaliyofuata.

Mama akafuta macho. "Kumbe alikuita. Kwa makelele haya, ungesikiaje?"

Hashiru akashusha pumzi. Wangeishia hapo, angekuwa amepona.

"Sasa iunganishe na yako," mama akasema. "Alinisimulia kompyuta inazipanga yenyewe. Nataka kuiona kazi yenu nzima."

Unamkataliaje mama wa marehemu? Akabonyeza. Video mbili zikasogea, zikakutana, kofi juu ya kofi. Bibi harusi akashika kisu.

"Hashiru, kifua kinanibana."

Na papo hapo, kutoka kwenye kamera ya Hashiru, ikaja sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu aliye kazini: "Vumilia kidogo, keki inakatwa."

Picha yake haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa picha nzuri sana.

Bi Mwanahalima hakulia. Alisogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta.

"Nirudishie hapo, mwanangu."

Akarudisha.

"Tena."