Safari ya Kupeleka Jua Mwakirunge

Mwaka ule tulikula mahindi ya manjano. Anayetaka tarehe akaulize ofisini. Sisi wa Likoni twaujua mwaka huo kwa sima yake, iliyokuwa na rangi ya nta na harufu ya gunia. Mvua ya vuli ilianza ikakataa kukatika, mito ikavunja madaraja, na serikali ikatugawia unga uliotoka ng'ambo. Tulipanga mstari na masufuria yetu. Mimi, bibi wa wajukuu saba, niliyelisha wanangu kwa jembe langu, nilisimama pale nikapimiwa unga kwa kopo kama kuku. Nilirudi nyumbani nikasema mwaka wa pili sitasimama tena. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, na ninyi wa nyumbani mlioniuliza mara mia nilikwenda kufanya nini bara ya kaskazini na mzungu mzee, jibu lenu ni hili.

Shamba langu liko Mwakirunge, mbele ya Kisauni, na dada yangu Mwanamisi ndiye aliyekuwa akiliangalia. Mwezi wa pili wa mvua, mchuuzi wa kuku alinifikishia maneno yake. Paa la jikoni limeanguka. Mbegu za masika, zilizokuwa zimewekwa uchagani juu ya moto, zimelowa. Jua halijaonekana wiki tatu. Zikioza hatuna cha kupanda, na tusipopanda tutarudi kwenye kopo.

Nyumbani kwangu Likoni nilikuwa na mpangaji katika chumba cha uani. Jina lake Pavlo, fundi wa viatu. Watu walimwita Mrusi, naye alikuwa akikasirika. "Mimi si Mrusi. Mimi Mkosaki." Wakosaki ni watu wa farasi, upande huohuo wa Urusi, na kwao kupigana ni kazi kama kwetu kulima. Alishindwa vita vya kwao akiwa kijana, akafukuzwa, akapigana vita vya watu wengine kwa kuwa hakujua kazi nyingine, hata mwisho akashuka melini Kilindini na mkoba mmoja na sindano ya kushonea matandiko ya farasi. Alikuwa amechoka mtu yule. Baruti ya machimbo ikilia, aliingia chini ya meza yake ya kazi akakaa mpaka nimwite kunywa chai.

Sasa la jua. Nalisema nilivyoliona, asiyeamini shauri yake. Pavlo alikuwa na jua mwilini. Paka wa mtaa mzima walilala mlangoni kwake. Nguo nilizoanika upande wake wa kamba zilikauka mvua ikinyesha. Siku moja nilimkuta uani amefumba macho, amekunja mikono ya shati, na matone hayamfikii: yanageuka mvuke juu ya kichwa chake. Akafumbua macho akaniona.

"Mama, usiambie watu."

"Kwani mimi nimesema nini?"

"Hili jua limeunguza watu. Wakubwa wa vita waliniweka mbele, wakasema, toa. Nikatoa. Sasa basi."

Nilimwacha na basi yake. Miaka mitatu sikumgusia, mpaka siku ile ya habari ya mbegu. Nilimwendea akishona kiatu, nikamweleza. Hakuinua kichwa.

"Hapana, Mama."

"Sikuombi uunguze mtu. Nakuomba unianikie mahindi."

Sindano ikasimama. "Hakuna mtu aliyewahi kuniomba hivyo."

"Basi huko ulikopita hamkuwa na wanawake."

Alfajiri tulipanda feri. Mvua ya rasharasha, upepo, watu wamejikunyata. Kabla hatujafika katikati ya maji, abiria wote walikuwa wamesogea upande wetu bila kujua kwa nini. Mwuza mahamri aliweka beseni lake karibu na magoti ya Pavlo, kisha akaligusa, akamtazama.

"Bibi, huyu mzungu wako ana homa."

"Hana homa. Ana afya kukushinda wewe."

"Basi akae papo hapo, mahamri yangu yasipoe."

Pavlo alitazama miguu yake. Lakini niliona ametabasamu, na beseni hakulisogeza.

Saa tatu tulikuwa tumekatiza kisiwa na kufika daraja la Nyali, lile lililolazwa juu ya maboya makubwa likipanda na kushuka na maji. Tulivuka kwa miguu. Katikati Pavlo alisimama, akashika ukingo, akatazama mbao na maboya kama fundi anayekagua kazi.

"Hili lingewaka upesi," alisema.

"Mangapi umechoma?"

"Madaraja? Sijui. Watu walikuwa juu yake."

Nilimshika mkono wa shati nikamvuta. "Hili twalivuka tu. Twende."

Adhuhuri, Kisauni. Niliswali kwa jamaa zangu, Pavlo akaningoja barazani, kisha tukapata lori lililokuwa likienda Mwakirunge kuchukua mawe. Dereva wake alikuwa Mkamba, Mutua, mtu wa maneno mengi.

"Mama, nyinyi wawili ni wa kanisa gani?"

"La mahindi."

"Hilo silijui."

"Hulijui kwa sababu wewe wanunua unga dukani."

Alicheka mpaka akakosa njia, tukazama kwenye tope magurudumu yote. Alishuka akasukuma, akatukana, akasema tutalala hapo. Pavlo alinitazama. Nikamwambia, kidogo tu. Alishuka, akapiga magoti mbele ya lori, akalaza viganja juu ya matope. Tope lilitoa mvuke, likageuka rangi, likapasuka kama chungu cha zamani. Mutua alivua kofia. Kutoka hapo hadi Mwakirunge hakusema neno, na mimi mjinga nikadhani ataendelea kunyamaza.

Alasiri tulifika. Mwanamisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko lisilo paa, kanga imemganda mwilini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, ndugu yangu. Mchuuzi wa kuku aliniambia waleta jua." Alimtazama Pavlo kuanzia kofia hadi viatu. "Ndilo hili? Mbona lina mvi?"

"Si muhimu rangi ya nywele. Mbegu ziko wapi?"

Alizitoa. Nilipotia mkono kwenye kapu nilisikia joto lile baya la mbegu zinazotaka kuota kabla ya wakati wake, na harufu ya ukungu. Mahindi yetu, meupe, mbegu ya mama yetu na ya mama yake. Kama yangelala hivyo hadi kesho, yangekwisha. Majirani wawili walileta na zao. Ikawa mikeka mitano.

Hapa ndipo tulipokosea, na kosa ni langu. Mimi tangu utotoni naanika, sikufikiri kama kuanika nako kunafundishwa. Nilimwambia Pavlo, haya, toa. Ndiyo maneno yaleyale ya wakubwa wake, nami sikukumbuka. Alisimama mbele ya mkeka wa kwanza, akakaza mwili kama askari, akatoa. Mwangaza ulitupiga usoni tukafunika macho kwa kanga. Tukasikia ta, ta, ta-ta-ta. Tulipofumbua, mkeka mzima ulikuwa bisi. Meupe, yamefura, yanarukaruka mpaka kwenye matope. Mbegu za mwaka, zimekuwa kitafunio.

Wajukuu wa Mwanamisi walikimbilia. Mwanamisi aliketi chini. "Alhamdulillahi," alisema, "sasa bisi za sinema tumepata, bado tiketi."

Pavlo hakucheka. Rangi ilimtoka. Alichukua mkoba wake akaanza kwenda njiani, mikono ameifungia kwapani kama anaogopa itamponyoka. Nilimfuata kwenye matope, kiatu kimoja kikabaki huko hata leo.

"Nimekwambia, Mama. Ninajua hivyo tu."

"Unajua hivyo kwa sababu waliokufundisha walitaka hivyo. Mimi sijakufundisha bado. Rudi."

"Mikeka imebaki minne."

"Najua kuhesabu. Rudi."

Alirudi. Nikamketisha chini, kwenye jamvi, kwa sababu mtu hawezi kupigana vita ameketi amekunja miguu. Niliketi ubavuni mwake nikamshika kifundo cha mkono. Kilikuwa moto kama sufuria, lakini sikukiachia. Nikamwambia mbegu si adui, na wala si chakula. Chakula ukikipa moto kinaiva. Mbegu ikiiva imekufa. Mbegu hupewa jua la asubuhi, lile la kumtoa mtoto mchanga nje. Likianza kuchoma, unafunika kwa kanga zipumue. Alasiri unafunua tena. Unageuza kwa mkono, si kwa mti, ili mkono ukwambie.

"Jua la asubuhi," alisema. "Kwetu asubuhi ndipo tulipokuwa tunashambulia."

"Kwetu asubuhi tunaanika."

Alifumba macho. Mara ya kwanza lilitoka kali, nikamfinya. Mara ya pili likazimika kabisa, mvua ikatuingia. Mara ya tatu likaja: jepesi, la manjano, limetanda juu ya mikeka minne na hatua chache kila upande, na nje ya hapo mvua inanyesha kama kawaida. Mwanamisi akavua kanga yake ya juu akaitandika ubavuni mwa mkeka, akasema mradi jua lipo, naye ana nguo za kuanika.

Siku tatu tulifanya hivyo. Asubuhi anafungua, mchana nafunika, alasiri anafungua. Siku ya tatu nilitia punje menoni, ikalia ka. Nikampa Pavlo naye ang'ate, ikalia ka. Aliiweka mfukoni mwa shati, hakuitema wala hakuila. Usiku huo alilala mpaka jua la Mungu lenyewe likatangulia kuamka, jambo ambalo Likoni sikuwahi kuliona.

Siku ya nne tulianza kurudi. Kisauni, kwa jamaa zangu, tulikuta mtu anatungoja barazani: Bwana Seif, amevaa koti na tarbushi, mtu wa chama kimoja kati ya vile vilivyokuwa vikigombea nani atashika nchi Waingereza wakiondoka. Mutua alikuwa amesema, naye Seif alikuwa amesikia.

"Bi Riziki, Mungu amekuletea silaha, nawe waifanya ungo."

"Hujambo, Bwana Seif. Kwanza tuamkiane."

Tuliamkiana. Kisha akaeleza. Jumapili wapinzani wake wana mkutano Changamwe, uwanjani Magongo. Hataki kuua mtu, hasha. Anataka jua tu, kali kidogo, hapo walipo wao peke yao, mpaka watawanyike na watu waseme Mungu amewakataa. Siku moja. Akanambia mimi na kupanga mstari wa unga basi, gunia litaletwa mlangoni. Alipoona namtazama tu, akamgeukia Pavlo.

"Mzee, wewe ni askari. Wasemaje?"

Pavlo alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama mtu anayengoja amri. Niliogopa. Halafu akasema, polepole, "Mimi nauliza Mama."

Nikamjibu Seif. "Huyu ananianikia mahindi. Kwa vita simtoi."

"Si vita, Bibi. Ni siasa."

"Wanaoungua watauliza tofauti."

Alikunja uso. "Mzungu huyu hana karatasi hata moja. Nikisema neno bandarini, anapandishwa meli. Ataka kurudishwa kule wanakomngoja kumpiga risasi?"

Nilimshika Pavlo mkono tukaondoka. Tulivuka daraja mchana, tukapanda feri, tukafika Likoni magharibi, mkononi nina kapu dogo la mbegu za bustani. Safari hii darajani Pavlo hakusimama.

Mmeniuliza nilijifunza nini huko. Nilijifunza kwamba mtu aliyefundishwa kuunguza anaweza kufundishwa kuanika, lakini yataka mtu wa kuketi karibu naye wakati jua lake linapochoma, na hao wakubwa wake wote hakuna aliyeketi. Nilijifunza pia kwamba mimi nami nilisema toa, kwa hiyo nisijione bora sana. Na mbegu ziliota. Masika ile Mwakirunge mahindi yalisimama meupe, nami kwenye mstari wa kopo hamkuniona tena.

Jumapili ile ya Magongo ilipita, Seif hatukumwona. Mahindi yalipokaribia kukomaa, asubuhi moja, Bwana Seif alikuja Likoni na askari mmoja na karatasi. Karatasi ilisema mgeni asiye na kibali apelekwe bandarini siku hiyohiyo. Alisema ataichana papo hapo, nikimpa Pavlo kwa mkutano mmoja tu. Pavlo alikuwa tayari ametoka na mkoba wake.

"Nitaenda na meli, Mama. Wewe usipate taabu."

"Rudi ndani. Mahindi yatavunwa mwezi ujao, nani ataanika?"

Alirudi. Nikatandika mkeka kwenye kizingiti changu, nikaketi, nikanyoosha miguu. Mlango mmoja, mtu mmoja mzee ameujaza. Majirani, wale ambao nguo zao zilikuwa zikikaukia uani kwangu, walitoka mmoja mmoja na mikeka yao, wakaketi ubavuni mwangu hadi mwisho wa baraza.

Askari alikuwa kijana wa hapahapa Mtongwe. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alibaki amesimama. Seif akamwambia aingie.

"Niingie wapi, bwana? Nimruke bibi?"

"Mruke."

"Mimi siruki miguu ya mzee. Mama yangu atasikia kabla sijafika nyumbani."

Wanawake walicheka, kicheko kile cha kumtoa mtu jasho. Seif alikunja karatasi, akaikunjua, akanisogelea mpaka kivuli chake kikanifunika.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, Bi Riziki. Wamtoa au humtoi?"

"Huyu ananianikia mahindi. Kwa vita simtoi."