Mzabibu Uliokataa Kunyolewa

Mtaa mzima ulimwita Kitana, naye aliitika jina hilo kwa furaha, maana lilimfanya aonekane kama mtu aliyezaliwa na kazi yake mfukoni. Duka lake la kinyozi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, benchi la wanaosubiri, na picha za mitindo ya nywele zilizofubazwa na jua. Mlango wa nyuma ulifunguka uani, na hapo uani, kwenye nyaya zilizofungwa ukutani, ndipo ulipoishi mzabibu wake.

Kitana alikuwa amekiweka kiti makusudi ili mteja auone mzabibu huo kupitia kioo.

"Tazama kule nyuma," alikuwa akisema huku akimfunga mtu shuka shingoni. "Yule ni mteja wangu wa kudumu. Hatikisiki, hapigi chafya, wala haniambii nipunguze kidogo tu halafu anigeukie kuwa nimepunguza sana."

Na kweli ulipendeza. Kila mwaka, ulipofika wakati wa kupogolea, Kitana alitoka na mkasi mkubwa akaushughulikia kama kichwa cha bwana harusi: mfupi pande zote, sawa juu, mstari umenyooka utadhani umepigwa kwa rula. Hakuna tawi lililothubutu kumzidi mwenzake urefu. Wapita njia waliochungulia kupitia dukani walisifu kazi ile. Kasoro ilikuwa moja tu, na mkewe hakuchoka kuitaja. Mzabibu ule haukuzaa hata punje.

"Wewe unafuga majani," mkewe alimwambia. "Na hayo majani hata mbuzi wa kuyala hatuna."

Mkewe alikuwa amestaafu kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na tangu siku aliyorudi nyumbani alikuwa na wazo moja kichwani: kufuga kuku. Uani palikuwa na sehemu moja tu yenye kivuli cha asubuhi na ukuta wa kuegemeza banda, na sehemu hiyo ilikuwa imekaliwa na mzabibu.

Kitana hakuwa tayari kuusalimisha. Alikuwa na sababu. Zamani, dereva mmoja wa lori alivunjika mguu, na Kitana akawa anamfuata kwao kumnyoa. Siku moja alitengewa bakuli la zabibu. Zilikuwa nyeupe, ndefu kidogo, hazina kokwa, na ngozi yake ilipasuka chini ya jino kwa mlio mdogo kabla utamu haujajaa mdomoni. Kitana alikula mpaka akaona haya. Alipoaga, dereva alimkatia kipande cha tawi, akakizungushia gunia lililolowa.

"Hizi ni za kuliwa mezani, kinyozi, si za kukaushwa," alimwambia. "Upogolee kila mwaka. Usiuonee huruma."

Muda si mrefu dereva alihamia kwa watoto wake mbali, na hapakuwa na wa kumuuliza zaidi. Lakini Kitana hakuona la kuuliza. Mtu ambaye hajawahi kuuonea unywele huruma tangu ashike mkasi, maagizo yale aliyaona yamefika kwa mwenyewe.

Basi mwaka mmoja mkewe alichoka. Alichomeka vigingi uani, akavizungushia kamba mpya ya katani kuonyesha mahali banda litakaposimama, akamwita seremala aje kupima. Seremala huyo alikuwa mteja wa Kitana, mtu mwenye kichwa kikubwa na utani usioisha, na siku hiyo alipima banda kwanza ndipo akaja kuketi kitini.

"Samahani, Kitana," alisema akijitazama kwenye kioo. "Mimi ni mtu wa kazi. Ukiniita kutengeneza jeneza la mzabibu wako, natengeneza."

"Hilo banda hutalijenga," Kitana alimjibu bila kuacha kunyoa. "Mwaka huu unazaa."

"Umesikia?" Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Seremala, wewe ni shahidi. Usipozaa mwaka huu, unang'olewa."

"Nimekubali," alisema Kitana, na alikubali kwa sauti ya mtu asiyejua kushindwa.

Msimu ukaja, ukakaribia kwisha. Majani yalijaa, mazuri ajabu. Zabibu hakuna. Seremala alikuwa ameshaleta mbao za kwanza, zimeegemezwa karibu na tangi la maji, pale jirani yao alipoingia asubuhi moja na kitu amekifunika kwa kanga. Jirani huyo alikuwa mama mshonaji, shoga wa mkewe Kitana, na ua wake ulitenganishwa na wa kwao kwa ukuta wa matofali yenye matundu ya kupitisha hewa.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kurudisha mali yako kabla sijaitwa mwizi."

Akafunua. Kilikuwa kichala cha zabibu, nyeupe, zimebanana kama watu waliojikinga mvua chini ya paa moja.

Kitana aliuacha mkasi mezani. Mteja aliyekuwa kitini akabaki nusu amenyolewa, nusu bado.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kwangu! Tawi lako limepenya kwenye tundu la ukuta, likaja kulala juu ya waya wangu wa kuanikia nguo. Mimi nikaliacha, nikasema labda linataka kujifunza kushona."

Mkewe Kitana alishika mdomo. Kisha akaangua kicheko mpaka akaegemea fremu ya mlango. "Mume wangu! Mzabibu wako unazaa kwa jirani!"

"Lakini umezaa," Kitana alidakia. "Masharti yalikuwa uzae. Seremala ni shahidi."

Seremala akaitwa. Alikuna kichwa, akazitazama zabibu, akala moja ili apate ushahidi kamili, akala na ya pili. "Kusema kweli," alisema, "hatukutaja ua wa nani."

"Nyinyi wanaume mna lenu moja," mkewe alisema, ingawa na yeye alikuwa ameshachukua punje. Aliitafuna polepole. Kitana alimwona anatafuta kokwa kwa ulimi, asiipate. "Haya. Nakupa msimu mmoja tu. Lakini uzae kwangu, uani kwangu, nichume kwa mkono wangu mwenyewe. Vinginevyo mbao zile zinapanda, na sitaki kusikia habari ya jirani."

Alasiri hiyo Kitana alifunga duka mapema, akaenda kwa mama mshonaji, akasimama chini ya waya wa nguo. Alilifuata tawi kwa macho kuanzia tunduni. Vijicho vya kwanza vya kuchipulia, vile vilivyokuwa karibu na ukuta, vilikuwa vimetoa majani matupu. Mbele kidogo, majani tena. Vichala vilianza mbali, katikati ya tawi na kuendelea, mahali ambapo mkasi wake kwa miaka yote haukuwahi kuacha kitu. Hili lilipona kwa sababu hakuliona.

Alisimama pale mpaka mama mshonaji akamuuliza kama anataka kiti.

"Hapana, shemeji," alisema. "Kumbe nimekuwa nikizinyoa kila mwaka kabla hazijazaliwa."

Mtu mwingine angejilaumu wiki nzima. Kitana alirudi nyumbani akipiga mluzi. Kichwa kigumu hakikumtisha. Alichokuwa akikihitaji ni kujua nywele zinaotaje, na sasa alijua.

Ulipofika wakati wa kupogolea, alifanya kazi ambayo mkono wake ulikataa. Alichagua matawi machache ya mwaka uliopita, yenye afya, rangi ya kahawia, manene kama penseli, akayaacha marefu, akayalaza na kuyafunga kwenye nyaya. Karibu na shina aliacha visiki vifupi ili vitoe matawi ya mwaka mwingine. Matawi mengine yote aliyakata bila huruma. Alipomaliza, alirudi nyuma akautazama mzabibu, na moyo ukamuuma. Ulikuwa kichwa cha mtu aliyetoroka kiti cha kinyozi katikati ya kazi.

Dukani hakupata pumziko.

"Kitana, huyo mteja wako wa kudumu amehama?" waliuliza benchini. "Naona kama amenyolewa na mpinzani wako."

"Ni kiduku au ni rasta?"

"Mimi leo nitasubiri kwanza," seremala alisema akishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Nisije nikaachiwa mashungi matatu."

"Chekeni," Kitana aliwajibu. "Mtakapokuja kuomba zabibu, nitawakumbusha mmoja mmoja."

Majani yakaanza. Karibu na shina yalitoka matupu kama kawaida, na mkewe akaenda kukaza vigingi vyake. Kitana alimwona kupitia kioo, akaendelea kunyoa. Lakini siku chache baadaye, akiwa anamwagilia maji, aliona kwenye tawi la juu, mbali na shina, kitu kidogo cha kijani kilichosimama kati ya majani, vipunje vyake vidogo kuliko kichwa cha pini. Akasogea mbele. Kingine. Na kingine. Hakumwita mtu. Alimaliza kumwagilia, akaingia ndani, akaomba chai kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Vichala viliponing'inia vizuri, punje zikiwa bado ndogo na ngumu, mkewe alitoka uani akamkuta juu ya kigoda na ule mkasi wake mdogo wa kurekebisha ndevu, anazikata punje zinadondoka.

"Wewe mwanamume una wazimu!" alipiga kelele. "Umelia miaka yote upate zabibu, leo zimekuja unazitupa?"

"Za jirani zilibanana, hazikupata nafasi ya kunenepa," Kitana alisema, akiingiza ncha ya mkasi kati ya punje kwa utaratibu, kama anayezunguka sikio la mtoto mchanga. "Nikipunguza hizi za ndani, zinazobaki zitajaa. Hapa, mke wangu, ndipo mkono wangu ulipokuwa unasubiriwa."

Mkewe alimtazama kwa muda. Vidole vilikwenda vyepesi, bila kugusa punje iliyokusudiwa kubaki. Akaenda kuleta ungo, akaushika chini ya kichala, punje zilizokatwa zisichafue ua.

Siku ya kuchuma, seremala alikuja na msumeno, maana aliahidiwa kazi kwa vyovyote. Mkewe Kitana alitoka na beseni. Alisimama chini ya vichala vilivyokuwa vimegeuka rangi ya asali nyepesi, akachagua punje moja nene, akaitia mdomoni. Ule mlio mdogo ukasikika. Kitana, aliyesimama mlangoni na kitana mkononi, alifungua mdomo aseme kitu.

"Nyamaza," mkewe alimwambia. "Baki hivyo hivyo ulivyo."

Akala ya pili. Kisha akainama, akang'oa kigingi cha kwanza, cha pili, na vilivyobaki, akaikunja ile kamba ya katani, akamnyooshea mumewe. "Lile tawi la pembeni limeelemewa. Lifunge kabla halijavunjika. Na wewe seremala, usisimame hapo kama mgeni. Pima upande wa tangi."

"Upande wa tangi pana jua la asubuhi, mama."

"Basi ongeza paa. Kuku wangu hawatakufa kwa jua."

Jioni hiyo benchi la dukani lilijaa watu ambao nywele zao hazikuhitaji kukatwa. Mkewe Kitana aliingia na beseni, akalipitisha kutoka mkono hadi mkono, na kila aliyeuliza alimwelekeza kwenye kioo.

"Ule pale," alisema. "Mzabibu wangu."

Kitana alimtazama kupitia kioo hicho hicho, akazungusha kiti kidogo ili mteja auone vizuri, akaendelea kunyoa.