Figo Langu na Ugali wa Manjano

Ulikuwa mwaka ule tuliokula unga wa manjano. Aliyekuwa Nairobi wakati huo hahitaji kuambiwa tarehe. Mvua ilikataa, mahindi meupe yakaisha madukani, yakaletwa yale ya njano kutoka ng'ambo, na watu wakasema ni chakula cha ng'ombe huku wamepanga foleni. Ugali wake haukushika. Ukiuweka kwenye sahani, unakaa kama uji uliokasirika.

Mimi niliufanya ushike. Nilichanganya na unga wa mtama kidogo, nikasonga kwa mikono miwili mpaka mabega yakalia. Nimesoma darasa la pili tu, lakini kibanda changu mbele ya kiwanda cha sabuni nilikifungua mwenyewe. Sikuandikwa na mtu. Kabla ya hapo nilikuwa nikifua nguo za watu Eastleigh. Sasa king'ora cha saa sita kikilia, wanaume wazima walivuka reli mbio kuja kwangu.

Ugonjwa ulianzia hapo. Ugali hauachwi motoni, na choo kilikuwa huko nyuma ya nyumba zetu za Makongeni, choo cha watu wote, chenye foleni. Nikaamua nisinywe maji. Usipokunywa hukojoi, ndivyo nilivyofikiri, na nikajiona mwerevu. Nilikojoa alfajiri, nikakojoa tena jioni nikishaosha sufuria. Katikati nilibana.

Jirani yangu Nekesa, mwanamke wa Bungoma mwenye mikono kama ya mpagazi, aliniona ninavyojipinda.

"Mama Ndunge, nipe huo mwiko uende chooni. Nyinyi Wakamba pikeni muthokoi wenu wa mahindi na maharagwe, ugali tuachieni sisi."

"Sufuria yangu haishikwi na mtu. Wateja wanajua mkono wangu."

"Basi kojoa hapo ulipo, wateja wajue na hilo."

Tulicheka. Nikaendelea kubana.

Kwanza nilianza kuchomeka nikikojoa, kama niliyemwagiwa pilipili. Halafu kiuno, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nilikaza leso nikasonga. Nilinunua mizizi kwa mzee mmoja pale Majengo, nikaichemsha, nikanywa nusu kikombe, kwa sababu kikombe kizima kingenipeleka chooni. Mkojo ukawa rangi ya chai kavu, kisha rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Ulinuka. Nilikuwa nikiumwagia maji haraka mtu asiuone.

Mume wangu, Baba Ndunge, alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache. "Mbona unatetemeka na jua lote hili?" akauliza.

"Ni uchovu."

Alinitazama, akavaa viatu, akaenda kazini. Simlaumu. Nilikuwa mkali.

Siku niliyoanguka, ugali ulikuwa karibu kuiva. Meno yaligongana, mikono ikakataa mwiko, nikatapika kando ya jiko na miguu ikaisha nguvu. Nguo zikalowa. Mbele ya wateja wangu wote. Nekesa alinifunika kwa leso yake, akapiga kelele: "Geukeni huko! Hamjawahi kumwona mama mgonjwa?" Wakageuka, sahani mikononi. Wawili walivua makoti wakanibeba mpaka barabarani.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, miwani imemteremka puani.

"Mama, unakunywa maji kiasi gani?"

"Chai. Asubuhi."

"Nimeuliza maji."

Akaandika.

"Figo lako la kushoto lina usaha. Dawa ikishindwa, tutakupasua tulitoe. Tukichelewa, na wewe unaondoka nalo."

Alisema hivyo hivyo, bila kunibembeleza. Nikawekewa maji kwenye mshipa na mpira wa mkojo wenye mfuko. Siku tatu niliwaka. Nilisikia Baba Ndunge akisema, "Huyu hajawahi kulala mchana." Kwake hayo yalikuwa maombi.

Siku ya nne homa ilishuka kidogo, na wazo langu la kwanza lilikuwa kibanda. Niliona sufuria baridi, wateja wamehamia kwingine, mimi nimerudi kufua nguo za watu. Nikavaa gauni juu ya gauni la hospitali, nikashika ule mfuko wa mkojo mkononi kama pochi, nikatoka. Nilifika karibu na geti. Nikamkuta Nekesa anaingia na kikapu.

"Wapi?"

"Kibandani."

"Kuna nini kibandani?"

"Kazi yangu, Nekesa! Nani anapika?"

"Mimi. Mama Atieno wa mlango wa pili anakata mboga. Wale akina mama wa kanisani wanapokezana kuosha sahani. Unafikiri tungekaa tu tukitazama jiko lako?"

Nilisikia hasira, nisiseme uongo. Hasira, si shukrani.

"Wanasemaje kuhusu ugali?"

"Hawasemi. Wanakula."

Nililia pale getini na mfuko wangu mkononi. Lile neno liliniuma kuliko sindano. Kisha nikalisikia tena kichwani, likawa jepesi. Jiko lilikuwa linawaka bila mimi. Kumbe ningeweza kulala. Nekesa akanishika kwapani, akanirudisha kitandani, akasimama hapo mpaka nikamaliza jagi zima la maji.

Dawa zilikubali. Nilikaa wiki mbili, nikatoka na mafigo yangu yote mawili, na mpaka leo ninayo. Nikarudi kibandani na masharti ya daktari. Nekesa akabaki na mwiko, mimi nikachukua mboga na wateja. Ugali wake ni mzuri. Nimesema mara moja, sirudii.

Namshukuru Mungu, na yule daktari asiyebembeleza, na akina mama walioosha sahani zisizo zao. Nanyi mnaofungua biashara zenu, mnaojisifu kwamba hamli mpaka jioni: mwili hausikii sifa. Kunywa maji. Chungulia mkojo wako, si aibu. Mpe mwenzako mwiko ukiwa bado unasimama.

Mwaka uliofuata msimamizi wa kiwanda aliniita. Alinionyesha jiko la ndani, lenye paa, lenye mfereji wake. Akasema meneja ananitaka mimi peke yangu, asubuhi mpaka jioni, na sheria ya humo ni kwamba mpishi hatoki jikoni bila karatasi ya ruhusa.

"Hata chooni?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Mimi sipiki mahali ninapoomba ruhusa ya kukojoa."

Akashtuka, akatazama mlangoni. Meneja mwenyewe alikuwa amesimama pale, tai shingoni. "Mama anasemaje?" akauliza.

"Anasema atafikiria, bwana."

Nikamgeukia meneja.

"Mimi sipiki mahali ninapoomba ruhusa ya kukojoa."